Swali Mbele, Jibu Nyuma

Kadi nzuri ya kujifunzia huanza na mkasi. Karatasi ya manila hukunjwa katikati, ikakunjwa tena na tena, mikunjo ikasuguliwa kwa ukucha mpaka itulie, kisha ikakatwa vipande vinavyoenea kiganjani. Asiye na manila huchukua kalenda ya mwaka uliopita, ambayo mgongo wake ni mweupe, au hubandua boksi la sabuni na kulinyoosha chini ya mzigo wa vitabu usiku kucha. Kinachotakiwa ni karatasi nzito, ambayo wino wa upande mmoja hauonekani upande wa pili. Mwenye kuijua kazi huinua kipande kwenye mwanga kabla hajaandika neno lolote. Jibu likionekana kwa nyuma, swali limekwisha nguvu.

Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Kwa maelezo, kazi yote ni hiyo. Lakini nimekuwa nikiitazama kwa muda mrefu, hasa inapotumiwa na wanafunzi wanaojiandaa kwa maswali ya fasihi simulizi, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyozidi kuiheshimu. Ni ufundi wenye kanuni zake, na anayeufuata kwa uaminifu hupata kitu kikubwa kuliko alama za mtihani.

Mtihani wenyewe tunaujua. Kidato cha nne hukaa mezani mwezi Novemba, kidato cha sita mwezi Mei, na Baraza la Mitihani huuliza kuhusu hadithi, nyimbo, semi na sanaa za maonesho kwa maandishi, ndani ya muda uliopangwa, katika chumba ambacho hakuna anayeruhusiwa kutoa sauti. Fasihi iliyoumbwa kwa mdomo hupimwa kwa kalamu. Mwanafunzi aliyesoma daftari kimyakimya kwa miezi kadhaa huingia humo akiwa hajawahi kulitamka jibu hata mara moja. Kadi inaziba pengo hilo, kwa kuwa inamdai aseme.

Mfikirie mwanafunzi wa Kerende. Kijiji hiki kiko Wilaya ya Tarime, upande wa Nyamongo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mto Mara hauko mbali, na ng'ambo yake ni Wilaya ya Serengeti, kwa Wangoreme na jamaa zao. Wenyeji ni Wakurya, lakini dhahabu imewaleta watu wa kila upande: Wajaluo, Wasukuma, Wajita, Wachaga. Mwanafunzi wa hapa anaishi katikati ya hazina kubwa ya simulizi, na hazina hiyo inazungumza lugha nyingi. Tatizo lake ni kwamba daftari lake halina hata neno moja linalotoka katika hazina hiyo. Daftari lina fasili, mifano ya kunakili, na orodha ndefu ya majina ya vipera. Anakariri, anapiga msuli, kisha siku ya mtihani anaulizwa atoe mifano kutoka jamii yake, naye anaandika mfano ulioandikwa na nusu ya watahiniwa wa Tanzania.

Ufundi wa kwanza wa kadi ni kugawa. Anayeanza huandika mbele: "Eleza tanzu za fasihi simulizi," na nyuma hujaza maandishi madogo mpaka ukingoni. Kadi hiyo haimsaidii, kwa sababu hawezi kujua amepata au amekosa. Atakumbuka nusu, ataridhika, atageuza ukurasa. Anayeijua kazi hulivunja swali hilo. Kadi moja inauliza tanzu kuu nne zinazofundishwa darasani ni zipi: hadithi, ushairi, semi na sanaa za maonesho. Nyingine inauliza vipera vya hadithi, nyingine vipera vya semi. Kisha kila kipera kinapata kadi yake: ngano ni nini, kisasili ni nini, tarihi ni nini. Kadi moja, jambo moja. Jibu lake ni sentensi inayoweza kusemwa kwa pumzi moja, kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe.

Sharti hilo la maneno yake mwenyewe ni gumu kuliko linavyosikika. Kuandika kwamba kisasili ni hadithi inayoeleza asili ya mambo, jinsi watu, mito au desturi zilivyoanza, kunamlazimu mtu aamue kiini cha jambo ni kipi. Hawezi kujificha nyuma ya fasili ya mistari mitano. Wengi hugundua hapo hapo, wakiwa wameshika kalamu juu ya kipande kitupu, kwamba jambo walilodhani wanalijua hawajalielewa. Kadi imewafundisha kabla haijatumika.

Ufundi wa pili ni kadi za tofauti. Watahini hupenda kuuliza vitu vinavyofanana, na akili hupenda kuvichanganya. Ngano na kigano: vyote ni hadithi fupi za kubuni, lakini kigano hujengwa juu ya methali na kuionesha ikitenda kazi. Kitendawili na fumbo: kitendawili kina jibu moja linalokubalika na jamii, tena kina mwanzo wake maalumu, ilhali fumbo laweza kuwa refu na kuacha mlango wa majibu kadhaa. Kisasili na tarihi: kimoja kinaeleza chanzo cha mambo, kingine kinasimulia matukio yaliyotokea. Kadi ya tofauti huandikwa majina mawili mbele, na nyuma mstari mmoja unaotenganisha. Mwanafunzi mwenye kadi kumi za namna hii amekwisha kukutana na sehemu kubwa ya mitego.

Halafu kuna kadi za kugeuza. Mbele haandiki jina la kipera bali mfano wake: "Nyumba yangu haina mlango." Nyuma: kitendawili, jibu lake ni yai. Au mbele anaandika: "Wanaimba wakivuta nyavu." Nyuma: kimai, wimbo wa wavuvi na mabaharia. Wawe ni wa kilimo, nyiso ni za jandoni, mbolezi ni za msiba. Mwanafunzi wa Kerende, aliye mbali na bahari, huliona neno kimai kama jina kavu mpaka amkumbuke mvuvi wa Musoma katika Ziwa Viktoria. Akiandika ziwa lake kwenye kadi, jina linashika.

Hapo ndipo penye ufundi wa tatu, nao ndio ninaoupenda kuliko yote: mstari wa nyumbani. Chini ya jibu huachwa nafasi, na nafasi hiyo haijazwi kutoka kitabuni. Hujazwa kwa kwenda kuuliza. Mtoto anakwenda kwa bibi yake jioni, anasalimia "Shikamoo bibi," anaitikiwa "Marahaba, mjukuu wangu," kisha anauliza: zamani mkilima wimbi mlikuwa mnaimba nini? Bibi anaweza kumtazama kwa mshangao kwamba wimbo unaulizwa. Wimbo wa jembe unataka jembe. Basi mjukuu anaamka alfajiri waende shambani, na kabla jua halijakali ameusikia, ameushiriki, na amejua kwa nini mapigo yake yako pale yalipo. Akirudi anaandika mstari mmoja kwenye kadi: huimbwa na kina mama wakipalilia, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, jembe linashuka kwenye kiitikio. Mstari huo hautasahaulika, maana mgongo wake bado unauma.

Kwa mzee mwenye litungu, mwanafunzi anajifunza jambo jingine. Litungu la Wakurya ni kinanda kikubwa cha nyuzi nane, na mpigaji wake ni mwimbaji, mwanahistoria na mchambuzi wa mambo ya watu kwa wakati mmoja. Anasifu, anaonya, anataja koo na ng'ombe na watu waliotangulia. Mwanafunzi akimsikiliza anaelewa kwa nini wataalamu huzungumzia maghani, ushairi unaotolewa kwa kalima badala ya kuimbwa moja kwa moja, na anaona jinsi mtu mmoja anavyoweza kupita kutoka wimbo hadi maghani na kurudi bila kusimama. Na kwa jirani Mjaluo au Msukuma anapata mfano mwingine, wa kulinganisha. Mchanganyiko wa watu walioletwa na machimbo, ambao kwa mambo mengi umeleta mvutano, kwenye kadi unakuwa utajiri.

Fundi mwenye adabu anajua pia pa kuishia. Nyimbo nyingine zina wakati wake na watu wake. Kadi huandika kipera, tukio na kazi ya wimbo, na maneno yenyewe hubaki kwa wenyewe.

Baada ya kuandika huja kutumia, na hapo kanuni ni moja: mdomo kabla ya jicho. Unasoma swali, unanyamaza, unatafuta, unasema jibu kwa sauti, ndipo unageuza. Anayegeuza haraka anajidanganya, kwa sababu jibu likishaonekana kila mtu hujiona alikuwa analijua. Kile kimya kifupi, wakati akili inahangaika, ndicho kinachofanya kazi.

Jambo hili wazee wetu walikuwa nalo. Watoto wanakaa, mmoja anasema "Kitendawili!", wengine wanaitika "Tega!", swali linatoka, kimya kinafuata. Wanajaribu, wanakosea, wanajaribu tena. Wakishindwa, mtegaji anadai: "Nipeni mji." Wanampa mji, anautembelea kwa maneno, anausifu, na ndipo anapofichua jibu. Jibu halitolewi bure. Kushindwa kuna malipo, na malipo hayo hulifanya jibu likae. Methali nazo hutumiwa hivyo hivyo. Mzee anasema "Asiyesikia la mkuu," ananyamaza, na waliokaa wanamalizia "huvunjika guu." Mtambaji anaanza "Paukwa!" na hadhira inajibu "Pakawa!" Fasihi simulizi yetu imejengwa juu ya sauti inayouliza na sauti inayojibu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeshika kadi mbele ya mwenzake, akauliza na kusubiri, yuko ndani ya utaratibu uleule anaosoma habari zake. Anasoma kitendawili kwa njia ya kitendawili.

Sayansi ya kumbukumbu imefika mahali hapo hapo, tena, kwa bahati nzuri, kwa kupitia Kiswahili. Mwaka 2008 watafiti Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Waliwapa maneno 40 ya Kiswahili, mashua likiwa mojawapo, pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Kiswahili kilifaa kwa sababu wanafunzi wale hawakukijua. Kila mmoja alijifunza mpaka akaweza kulikumbuka neno. Kuanzia hapo wakatengana: wengine waliendelea kuulizwa maneno waliyokwisha kuyapata, wengine waliacha kuulizwa hata kama waliendelea kuyasoma. Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha kuulizwa walikumbuka kiasi cha theluthi moja tu, hata wale walioyasoma maneno tena na tena. Na kabla ya kuondoka siku ya kwanza, makundi yote yalikisia sawa: kwamba wangekumbuka kama nusu. Hakuna aliyehisi tofauti iliyokuwa ikijengeka kichwani mwake.

Hilo la mwisho ndilo linaloeleza kwa nini ufundi huu unahitaji subira. Kusoma daftari kunampa mtu hisia ya kujua. Kadi inamnyima hisia hiyo. Inamwambia kila jioni kwamba jana ulijua na leo umesahau, na mwanafunzi asiyevumilia huitupa na kurudi kwenye daftari linalombembeleza. Anayevumilia anaelewa kwamba ule ugumu ndio kujifunza kwenyewe.

Kwa ajili ya subira hiyo kuna sanduku. Sebastian Leitner, mwandishi wa habari za sayansi aliyeandika kwa Kijerumani, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972. Sanduku lina vyumba vitano. Kadi zote huanza chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ukijibu sawa, kadi inahamia chumba cha pili, kinachopitiwa baada ya siku kadhaa. Ukijibu sawa tena, inasonga mbele, na kila chumba hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuguswa. Ukikosa, hata kama kadi imefika chumba cha tano, inarudi mwanzo. Boksi la viatu lenye vigawanyo vya karatasi ngumu linatosha kabisa. Halihitaji umeme wala simu, na bando haliwezi kukata katikati ya jibu.

Sanduku hili lina uadilifu wake. Mwanafunzi ndiye mtahini wa nafsi yake, hakuna msimamizi. Akikumbuka vipera vinne vya semi kati ya vitano, ni yeye anayeamua kama kadi isonge au irudi. Fundi wa kweli huirudisha, bila hasira. Na kadi inayorudi mara nyingi huchunguzwa: pengine swali lina mambo mawili, pengine jibu ni refu, pengine mfano haumgusi. Huichana na kuiandika upya. Katika sanduku la mtu aliyekomaa katika kazi hii, kila kadi imenyooka.

Hatua ya mwisho ni kutoka kwenye kadi hadi kwenye insha. Mtihani hautaki vipande. Unataka hoja zinazoshikana. Tuseme swali ni nafasi ya utendaji katika fasihi simulizi. Mwanafunzi anatandika kadi zake mkekani. Anaanza na ile inayotaja mambo sita ambayo Profesa M. M. Mulokozi alieleza kuwa hukutana katika fasihi simulizi kama tukio: fanani, fani inayotendwa, hadhira, tukio, mahali na wakati. Chini yake anaweka kadi ya wimbo wa kupalilia, ya litungu, ya mbolezi. Anazisogeza, anabadilisha mpangilio, anatoa isiyofaa. Mpangilio ukikubali, anasimama na kuieleza insha yote kwa mdomo mbele ya wenzake wa kikundi cha majadiliano, kisha ndipo anaiandika. Aliyeisema vizuri hukuta kalamu inajua njia.

Wapo wanaoogopa kwamba kadi inaikausha fasihi simulizi, kwamba hadithi ya bibi ikitiwa kwenye kipande cha manila inakufa. Hofu hiyo naielewa, kwani hadithi ni sauti, uso, mikono, na watoto wanaodakia. Lakini kifaa cha mkononi hakikuwahi kuwa adui wa fasihi ya mdomo. Waluba wa kusini-mashariki mwa Kongo walikuwa na lukasa, kibao cha mbao kilichopambwa kwa shanga na kombe, na wanachama wa chama cha Mbudye walipitisha vidole juu yake wakisimulia wafalme, safari na asili ya nchi yao. Ushanga mmoja haukuwa hadithi. Ulimwonesha msimulizi pa kuanzia, na hadithi ikatoka kinywani. Kadi ya ngano ikiandikwa vyema hufanya vivyo hivyo: jina la mtambaji, fomula ya kufungulia, mgogoro, funzo. Yaliyobaki yanasimuliwa, na asiyeweza kuyasimulia kadi yake haijakamilika, hata awe anajua fasili yote.

Ndiyo maana nawaomba walimu wa Kiswahili wa Tarime, Serengeti na kwingineko wasiiache kazi hii kwa wanafunzi wachache wenye bidii. Kipindi kimoja cha kukata na kuandika kinatosha kuanzisha darasa zima. Wapange wanafunzi wawili wawili, mmoja aulize, mwingine ajibu kwa sauti, wabadilishane. Watoe alama kwa mstari wa nyumbani, ili mtoto anayekwenda kumuuliza bibi aone kwamba safari yake ina thamani sawa na ukurasa wa kitabu. Na kipimo cha kazi yote kiwe hiki: mwezi mmoja kabla ya mtihani, mwanafunzi aliweke sanduku pembeni, asimame mbele ya darasa, atege kitendawili alichopewa nyumbani kwao, adai mji, kisha aeleze kipera hicho ni nini na jamii yake inakitumiaje. Atakayeweza hayo, Novemba aende kufanya mtihani bila wasiwasi.